Ndani ya kitabu, muuaji anajulikana

Shule yangu ilikuwa fupi. Niliiacha darasa la tatu, huko milimani Masisi, kwa sababu ng'ombe za baba zilitaka mutu wa kuzifuata. Lakini jina la mutu likiingia kichwani mwangu halitoki tena. Kila mutu tuliyekimbia naye vita ninamujua kwa jina lake, na kila mutoto aliyezaliwa njiani. Hapa sitaandika hata moja. Wengine wako hai, na jina likishaandikwa linaweza kutembea mpaka mahali usipotaka lifike.

Mutoto wangu wa kiume alipenda vitabu vya upelelezi. Vile vya zamani, vya Kifaransa, karatasi zimekuwa njano na jalada limekatika. Alivinunua kwa muzee mumoja aliyevitandaza chini, juu ya gunia. Kazi yake mwenyewe ilikuwa biashara: alikwenda Bunagana kuchukua sabuni na mafuta yanayotoka Uganda, akavileta Goma. Ndani ya gari alisoma. Muke wake alimucheka.

"Papa wa watoto, siku moja watakuibia mafuta yote, na wewe uko unatafuta mwizi wa Ulaya."

"Ule wa Ulaya anapatikana," alijibu. "Wa huku nitamutafuta na nani?"

Aliuawa kwenye barabara hiyo, akirudi.

Kwetu, siku ya kumaliza matanga, kabla watu hawajanawa mikono, mukubwa mumoja wa familia anasimama kueleza kifo. Anaanza mwanzoni: ugonjwa ulimushika wapi, walimupeleka hospitali gani, alikula nini mara ya mwisho, alisema neno gani, nani alimufunga macho. Hata kama wote wanajua, lazima isemwe. Watoto wananyamazishwa. Ikishasemwa, ndipo mutu amekwenda kweli, na nyinyi munaweza kula.

Siku ya mutoto wangu alisimama shemeji yangu, mudogo wa marehemu mume wangu, mutu anayejua kusema mpaka watu walie. Alishika kofia yake mikononi. Akasema, "Mutoto wetu alikutana njiani na watu wenye silaha wasiojulikana." Akakaa.

Ni maneno ya radio, hayo. Tunayasikia kila asubuhi. Watu wakanawa mikono, wakala.

Nikabaki na mukamwana wangu, watoto wao, na sanduku la vitabu, katika nyumba yetu ya mbao hapa Katoyi, mujini Goma. Mukamwana ni mwalimu wa shule ya msingi. Sanduku hakuligusa kwa muda mrefu. Halafu Jumamosi moja mvua ilitufungia ndani, akatoa kitabu kimoja, akaanza kunisomea huku mimi ninachambua maharagwe. Macho yake yalisoma Kifaransa, kinywa kikatoa Swahili. Muzee tajiri amekutwa amekufa katika nyumba yake kubwa. Milango yote imefungwa kwa ndani. Muke yuko, daktari yuko, mupishi yuko, mutoto wa dada anayependa pombe yuko. Mupelelezi anafika, anasema hakuna mutu atatoka hapa.

Jumamosi iliyofuata, jirani yetu muuza makala, yale makaa ya kupikia, alikuja kusikiliza. Kisha akaja musichana anayesuka nywele kwenye kona. Wakazoea.

"Ni daktari," alisema mama wa makala. "Mutu anayesema pole mbele ya wengine wote, muogopeni."

"Mama, wewe kila kitabu unashika daktari! Walikuchoma sindano mubaya?"

"Sindano na bei yake!"

Walichanganya majina ya wale wazungu, wakaniuliza mimi. Niliwaambia: huyu ndiye mupwa, huyu ndiye mutunza bustani. Tulicheka sana, siwezi kusema uongo. Nyumba ile ilikuwa haijasikia kicheko tangu matanga.

Siku moja nilimuuliza yule musichana kwa nini anaacha telefone yake, yenye kila mambo ya dunia, anakuja kusikiliza habari za watu waliovaa kofia za zamani. Hakuinua macho, alikuwa anasuka kichwa cha mujukuu wangu.

"Bibi, huko mutu mumoja akikufa, nyumba yote inasimama. Treni inasimama. Kila mutu anaulizwa: ulikuwa wapi, ulisikia nini. Kwetu hata mutu anayesukuma makala kwenye chukudu yake ya mbao hasimami."

Nikaacha maharagwe. Hilo ndilo lilikuwa linanivuta, na sikuwa na maneno yake. Hawa vijana wamezaliwa ndani ya vita. Wamezika watu ambao hakuna aliyeuliza neno juu yao. Kwao kitabu kile ni mahali ambapo mufu mumoja anatosha. Mutu mwenye akili anakuja, anakaa, anauliza mupaka mwisho, na muuaji anatajwa mbele ya wote. Sisi tuliokaa pale hatukupenda damu. Tulipenda yale maswali.

Nikaanza kufikiri juu ya mutoto wangu. Hakuna aliyeuliza. Lakini katika gari lile walikuwemo watu, na watu wale mimi niliwajua.

Nilimutuma mukamwana awaite Jumapili baada ya misa: shofere wa gari, mama mumoja muuza vitenge aliyesafiri siku ile, na shemeji yangu, aliyekwenda kuchukua maiti. Nilitaka tu kifo cha mutoto wangu kisemwe, kama vifo vya watu wengine. Nilipika fufu na sombe, maana mutu hasemi vizuri na njaa. Mama wa vitenge alikuja na sukari na sabuni, akidhani ni kumbukumbu ya matanga. Alipoona hakuna watu wengine, akasimama mulangoni na mifuko yake.

"Mama, wengine wako wapi?"

"Ni sisi tu. Kaa, mutoto wangu."

Nikawauliza. Nani alikaa wapi. Nani aliona nini. Shofere aliweka sahani chini.

"Mama, sasa umekuwa polisi?"

"Polisi walikuuliza?"

"Hapana."

"Basi sijawa polisi."

Shemeji yangu alicheka kidogo, kisha hakucheka tena. Mama wa vitenge ndiye alianza. Alisema mutoto wangu alikuwa amekaa mbele, lakini alimupisha yeye kwa sababu alikuwa na muchanga mugongoni, akapanda nyuma juu ya mizigo. Walifika mahali miti imekatwa na kulazwa barabarani. Vijana wakatoka kwenye migomba. Walitaka mizigo. Mutoto wangu alisema, "Chukueni, lakini acheni watu waende." Mumoja akamupiga risasi ya tumbo, kwa neno hilo tu.

"Hakufa palepale," alisema. "Nilimushika kichwa. Aliomba maji, nikamupa ya mutoto wangu. Aliuliza kama mafuta yamemwagika."

Nikamuangalia shemeji yangu. Alikuwa anaangalia kofia yake.

"Niliambiwa," alisema. "Nilisimama niyaseme yote. Nikaona uso wako, muke wa kaka yangu, nikachukua maneno ya radio."

Mukamwana alikuwa amekaa karibu na mulango, mikono katikati ya magoti. Sasa aliuliza, kwa sauti ya darasani:

"Na yule aliyepiga? Mulimuona?"

Mama wa vitenge alitikisa kichwa. Shofere hakutikisa.

"Nilimuona," alisema. "Ninamuona hata sasa. Yuko hapa mujini. Ananisalimia. Hajui kama ninamujua." Akanigeukia. "Mama, nikutajie?"

Katika kitabu, hapo ndipo kila mutu anavuta kiti. Mimi niliona watoto wa mutoto wangu wanacheza nje juu ya mawe ya volkano, na mukubwa wao ana mabega ya babake. Jina likitajwa nyumbani mwangu, mupelelezi atalipeleka wapi? Kwa nani?

"Usiniambie," nilisema. "Kula, shofere."

Shemeji yangu alisimama bila kuombwa. Akavaa kofia, akaivua, akaeleza kifo kuanzia Bunagana: kiti alichomupisha mama, miti, migomba, neno alilosema, maji ya mutoto. Alieleza vizuri. Tulilia wote, kilio kilichokuwa kimekwama tangu siku ile, na baada yake tukala.

Mukamwana ndiye alimusindikiza shofere mupaka barabarani. Walisimama kwenye ukuta wa jirani, muda mrefu kupita wa kuagana. Kupitia nafasi za mbao niliona shofere anainamisha kichwa, anasema neno moja, fupi. Mukamwana alirudi, akaosha sahani zote, hata zile safi.

Jumamosi mama wa makala alikuja na kiti chake. Mukamwana alimuambia macho yanamuuma. Jumamosi iliyofuata yalimuuma vilevile. Sanduku likarudi chini ya kitanda, na majirani wakaacha kuja.

Siku hizi, akitoka shuleni, hapiti tena kwenye soko dogo alilolipitia miaka yote. Anazunguka kupitia mutaa wa Majengo, njia ndefu, yenye mawe, na mvua ikinyesha anafika jioni, viatu vimejaa matope meusi. Watoto wanamuuliza kwa nini anachelewa. Anasema ni kazi.

Sijamuuliza. Namuwekea maji ya moto kwenye beseni, anatia miguu, na tunakaa hivyo, yeye anajua na mimi sijui, mupaka maji yapoe.