Sindano ya Asubuhi na Tumbo Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini nikiwa muuguzi niliripoti kwenye zahanati moja upande wa Nzega, sare yangu imepigwa pasi mpaka inakwaruza shingo. Mganga Mfawidhi, mkuu wa zahanati, mtu mfupi asiyecheka, alinikabidhi rejesta kisha akaniuliza, "Unaogopa damu?" Nikasema siogopi. "Afadhali uiogope midomo yako," akasema. "Mgonjwa atafanya utakachomwambia." Nilidhani ananitisha tu, kama wakubwa wanavyowatisha wageni.

Wakati ule kisukari tulikiona ni ugonjwa wa mabwana wa mjini. Mkulima akija analalamika kiu na kukojoa kila mara, tulimpima malaria, isipoonekana tunampa vidonge vya njia ya mkojo, aende zake. Sijui niliwarudisha nyumbani wangapi namna hiyo, na kutojua huko kunanisumbua mpaka leo.

Nilipohamishiwa mjini Tabora ndipo Matroni wa kliniki ya kisukari alipotufungua macho. Alitueleza kwamba kongosho, kiungo kilichojificha nyuma ya tumbo, hutoa insulini, na insulini ndiyo inayoitoa sukari ya chakula kwenye damu na kuiingiza mwilini ikafanye kazi. Insulini ikikosekana, au mwili ukiikataa, sukari hurundikana kwenye damu na kuharibu macho, figo na mishipa ya fahamu. Matroni alitupigisha magoti kila kliniki, tuwavue wagonjwa viatu na kukagua nyayo kidole kwa kidole, maana mguu wenye ganzi hausikii mwiba. Wazee waliona haya. "Sista, miguu ina vumbi," wanasema. "Vumbi tutaliosha," Matroni anajibu, "kidonda kikioza tutakata."

Kutoka hapo nikapelekwa kituo kidogo cha afya kijijini, mwendo wa baiskeli kutoka stesheni ya Igalula, na safari hii kliniki ya kisukari ilikuwa yangu. Nilijiona bingwa. Niliweka amri mbili: sindano ya insulini isirukwe hata siku moja, na siku ya kliniki mtu aje hajala tangu usiku, ili tupime sukari ya asubuhi kabla ya chakula. Niliziimba amri hizo mpaka wagonjwa wakawa wanazimalizia wenyewe. Hata sukari ya chai ya wafanyakazi niliipiga marufuku, eti tuwe mfano.

Mgonjwa aliyenitoa jasho kwa ubishi alikuwa Mzee Maganga, mrina asali mwenye mizinga mingi porini.

"Asali si sukari, Sista," alikuwa akiniambia. "Sukari wametengeneza watu kiwandani. Hii ni kazi ya nyuki."

"Ikifika kwenye damu yako, mzee, haiulizwi imetoka wapi."

Tulibishana miezi. Mwisho akakubali kuiacha, "kwa heshima yako tu," na kweli aliiacha. Alikuwa mtu wa kutii akishakubali.

Siku moja ya kliniki foleni ilikuwa ndefu na mashine ya kupimia sukari ni moja. Kama saa nne hivi, mama mmoja akapiga kelele, "Sista, mzee huyu kalewa!" Nikageuka. Mzee Maganga alikuwa ameloa jasho, mikono inatetemeka, anachanganya Kiswahili na Kinyamwezi, anamgombeza mtu asiyekuwepo. Na mimi, Mungu anisamehe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kumnusa mdomo. Haukuwa na pombe. Nikamtoboa kidole, mashine ikasoma namba ya chini sana, nikaitazama mara mbili.

Hapo ndipo nilipoelewa. Alikuwa amejichoma sindano alfajiri, hajala kitu, kisha akaendesha baiskeli mpaka kwetu. Insulini ilikuwa imeishusha mno sukari kwenye damu, na ubongo hauwezi kuishi bila sukari. Kwenye stoo kulikuwa na dripu ya sukari, lakini Mganga Mfawidhi wa pale alikuwa amekwenda kijiji cha pili kusimamia chanjo, na ufunguo uko mfukoni mwake. Kwenye chumba cha chai hapakuwa na hata kijiko kimoja cha sukari.

Nilipekua kapu lake. Ndani mlikuwa na chupa ya asali.

Mzee alikuwa sasa amelegea, macho yamefumba. Nilimlaza ubavu, maana mtu aliyepotewa na fahamu ukimnywesha atapaliwa. Nikachovya kidole kwenye asali na kumpaka ndani ya shavu na kwenye fizi, kidole baada ya kidole. Nilimwomba Mungu kwa sauti, wagonjwa wote wananisikia. Nilikuwa na hakika nimemuua. Hatimaye akaanza kumeza, akafungua macho, tukampa uji wa jirani yake kwenye foleni.

"Mzee, kwa nini umejichoma sindano na hujala?"

Alinishangaa. "Si ulisema sindano isirukwe? Na si ulisema nije sijala? Nimefanya yote mawili." Kisha akaiona chupa. "Hii nilikuletea wewe, Sista. Naona nimeila mimi."

Wenzangu walicheka. Mimi nilikwenda nyuma ya jengo nikalia.

Tangu siku hiyo niliwaambia waje na sindano na chakula kapuni: tupime kwanza, ndipo wachome, ndipo wale. Na mfukoni kila mmoja awe na sukari kidogo ya kulamba, ile ya damu ikishuka.

Sasa nimestaafu, ninaishi mtaa wa Ng'ambo hapa Tabora, na kisukari kimenifuata nyumbani. Ninatembea kila siku, ugali nimeupunguza, mboga nimeongeza, na kila jioni ninakagua nyayo zangu kwa kioo. Ninyi vijana mpimwe mngali wazima, msingoje kiu.

Juzi nilikwenda kliniki. Muuguzi kijana, msafi, mwenye adabu, aliniamkia shikamoo, akaniandikia tarehe. "Bibi, siku hiyo uje hujala kitu tangu usiku."

Nikangoja aendelee. Alikuwa ameshachukua kadi nyingine. Kwenye benchi, mzee mmoja mwenye kofia, mfuko wa sindano mapajani, alikuwa akijikaririsha taratibu, "Nisile kitu. Nisile kitu."

Nikamgeukia muuguzi. "Na sindano, mjukuu wangu?"

"Sindano usiache hata siku moja, bibi."

Nilirudi kuketi. Nikamwambia muuguzi afunge mlango kwanza, na yule mzee wa kofia asiondoke, maana nina kisa cha chupa ya asali cha kuwasimulia.