Muhuri wa Ijumaa

Nakumbuka Jumatatu moja hapa Bunda, mwanangu. Nilikuwa na miezi saba tu kazini, masjala ya halmashauri, pale wanapopokea barua na kutunza mafaili. Sikuwa nimethibitishwa kazini. Kosa moja tu, unarudi kwenu kulima pamba.

Ijumaa tulikuwa tumefunga kupokea maombi ya kazi ya udereva. Jumatatu asubuhi akaingia binamu yangu Magesa, katoka Kibara, vumbi mpaka kwenye kope, bahasha mkononi.

"Dada, gari liliharibika njiani. Mama kasema wewe upo, hakuna shida."

Mama yake ndiye shangazi aliyenilea tangu darasa la tatu. Ningemwambiaje hapana? Nikazungusha tarehe ya muhuri nyuma mpaka Ijumaa, nikagonga, nikaichomeka bahasha yake katikati ya zile nyingine. Akaondoka anacheka.

Sasa sikia ujinga wangu. Nilisahau kuirudisha tarehe! Siku nzima nikawa nagonga barua za watu, zote Ijumaa.

Saa tisa mkuu wangu, Mzee Nyamuhanga, akaniita. Alikuwaga hapandishi sauti yule mzee, na hilo ndilo lililotutisha. Mbele yake kulikuwa na barua ya muuguzi mmoja anayeulizia kupandishwa daraja.

"Rhoda, binti yangu, huyu kaandika leo. Sisi tumeipokea Ijumaa. Imekuwaje?"

Mama yangu! Nikasema muhuri ni mbovu. Akautazama muhuri, akanitazama mimi.

"Basi kesho tutapitia barua moja moja, na wakaguzi wakiwepo. Kama una la kuniambia, saa mbili asubuhi nitakuwa hapa."

Nilifika nyumbani sijui nimepita njia gani. Kila pikipiki iliyosimama nje nilidhani ni polisi wamenifuata. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikumaliza hata siku.

Asubuhi saa moja na nusu nilikuwa mlangoni kwa Mzee Nyamuhanga, nalia. Nikasema yote. Akaniacha nimalize, halafu akauliza taratibu, "Kuna vijana walilala stendi ili wasichelewe. Hao hawana dada masjala?"

Bahasha ya Magesa ikatolewa kwenye maombi. Mimi nikapewa onyo la maandishi, na kuthibitishwa kwangu kukasogezwa mwaka mzima. Mwaka huo wote nikiitwa jina tu nilikuwa naruka. Shangazi alikaa miaka sita bila kukanyaga kwangu. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kwa nini nakwambia haya? Keshokutwa unaripoti Musoma, ofisi ya utumishi. Na jana nilikusikia kwenye simu ukimwambia mtoto wa Magesa, "Lete tu, mimi nipo." Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kuliko siku ile.

Mpigie. Mwambie aombe kama wenzake, awahi kama wenzake, na akipata ajue kapata kwa haki. Atanuna, mwache anune. Ndugu akinuna siku moja atacheka, lakini onyo likishaingia kwenye faili linakaa.

Mungu akulinde na mkono wako mwenyewe, akupe usingizi wa mtu asiye na la kuficha, ustaafu jina lako likiwa safi. Haya, shika simu. Nipo hapa, nasikiliza.