Nambari Mguuni mwa Mire

Katika Katelembo yote, wanawake waliokuwa na leseni ya kuendesha gari mwaka wa elfu mbili walikuwa mmoja tu, na jina lake Kamanthe.

Alizaliwa Ndithini, binti wa dereva wa trekta. Baba yake alimfundisha usukani kwa kuwa hakujaliwa mtoto wa kiume, na kabla hajafa alikuwa amekwisha kuacha kulijutia hilo. Kamanthe alipoolewa Katelembo, mumewe akiwa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji Athi River, alikuta kina mama wana kikundi chao cha kusaidiana, mwethya kama Wakamba wanavyokiita. Kikundi kilipochanga na kununua pikapu kuukuu ya kupelekea maembe soko la Machakos, hapakuwa na haja ya kumtafuta dereva. Ufunguo alikabidhiwa Kamanthe, naye akawa anaufunga kwenye pindo la leso, mahali wenzake wanapofunga senti.

Miaka minne ufunguo ule ulikaa pale. Aliendesha kama alivyopika, bila kelele na bila kuunguza. Wanaume waliokaa mbele ya maduka walisema usukani haukuumbiwa leso, lakini siku ya kupeleka mgonjwa hospitali walikuwa wa kwanza kubisha mlangoni kwake. Ndivyo watu walivyo. Mdomo hudharau, na miguu hufuata msaada.

Msimu wa maembe wa mwaka uliofuata, kikundi kilinunua tairi moja jipya la nyuma, mkono wa kulia. Halikumaliza msimu. Asubuhi moja Kamanthe akiteremka mlima kuelekea mjini, maembe yamejaa nyuma na mwenyekiti wa kikundi, Mama Mumbua, ameketi kando yake na mkoba mapajani, mlio mkubwa ukasikika. Ngozi ya tairi ilibambuka na kuruka barabarani kama nyoka. Pikapu ikayumba huku na huku. Kamanthe hakukanyaga breki. Alishika usukani kwa mikono miwili, akaiacha ipunguze mwendo yenyewe hadi ikalala mtaroni taratibu, kama ng'ombe aliyechoka. Hakuna aliyekwaruzika. Maembe ndiyo yaliyosafiri, na watoto wa shule waliokuwa wakipita walikula kiamshakinywa cha pili.

Lakini Mumbua alikuwa ameogopa, na hofu ya mkubwa mara nyingi hutoka ikiwa imevaa nguo za hasira. Jioni, mbele ya wanachama wote katika ukumbi wa kanisa, alisimama akasema, "Tairi jipya halipasuki lenyewe. Huyu alikuwa anakimbiza gari. Niliona kwa macho yangu. Kamanthe, leta ufunguo."

"Mwaitu, sikukimbiza," Kamanthe alisema kwa heshima, akimwita mama kwa Kikamba, kwa maana Mumbua alikuwa wa umri wa mama yake.

"Mimi sikuwa ndani ya gari? Leta ufunguo."

Akaufungua kwenye pindo la leso, akautoa. Ufunguo akapewa kijana aliyeitwa Dedan, ambaye sifa yake kubwa ilikuwa suruali, na ambaye alikanyaga breki kama anayeua nge. Kuanzia siku ile kila mama aliyepita na mzigo kichwani alimtazama Kamanthe kwa huruma, na huruma ya namna hiyo huuma kuliko tusi. Tairi lililopasuka alilibingirisha mwenyewe hadi mjini kwa Festus, fundi wa akala, vile viatu vya matairi, akamwachia bure. Festus akataka kumpa jozi moja kama shukrani.

"Asante, Festus," alimjibu. "Hilo lilinitupa mtaroni. Sitaki linibebe tena."

Miezi ikapita. Siku moja Kamanthe akichambua maharagwe, redio ikatangaza kwamba kampuni fulani inaomba radhi. Kuna matairi yake yaliyotoka kiwandani na kasoro, ngozi yake hubambuka yakipata joto. Mwenye tairi ambalo nambari yake ubavuni inaanza na K7 alirudishe dukani aliponunua, apewe jingine au arudishiwe pesa. Kama tairi limekwisha kuharibika, kipande chenye nambari kinatosha.

Maharagwe yalibaki kwenye ungo. Kamanthe alivaa leso yake nzuri akaenda mjini.

Festus alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kisu mkononi, mlima wa mpira nyuma yake. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hilo tairi lako sasa linatembea, dereva. Liko miguuni mwa watu."

"Na nambari?"

"Nambari nakumbuka sana. Ilikuwa imeanza na K7 kweli. Nilimkatia Mire, yule mzee wa mbuzi. Alikuja akalalamika kwamba kila Ijumaa anatoka msikitini anakuta viatu vyake vimechukuliwa kimakosa, anarudi na vya mtu mwingine. Akasema, nitilie kiatu nambari kama gari, nijue changu. Nikamwekea ukanda wenye nambari kwenye mguu wa kulia."

"Leo ni Ijumaa," Kamanthe alisema.

"Basi unajua kiatu kiko wapi saa hii. Mtu akisali hana haraka na kiatu. Chukua hicho, umwachie hiki." Akamrushia akala nyingine, anacheka.

Kamanthe aliiweka chini ile akala, akaenda mikono mitupu.

Swala ilikuwa imeanza alipofika. Viatu vilijaa mlangoni mwa msikiti, na katikati yake, kubwa kama sinia, zilikuwa akala za Mire. Kwenye ukanda wa kiatu cha kulia herufi na tarakimu zilimtazama wazi, K7 na zinazofuata. Njia ilikuwa tupu. Angenyoosha mkono tu, jina lake lingekuwa safi kabla ya jua kutua.

Wapo watakaosema angekosea nini, kwa kuwa tairi lilikuwa la kikundi chake tangu mwanzo. Lakini alikwisha kulitoa, na kilichotolewa si chako tena. Isitoshe, haki inayobebwa na mkono wa mwizi ikifika nyumbani haiwi haki tena. Kamanthe alilijua hilo bila kuhubiriwa. Alivuka barabara, akakaa kwenye jiwe upande wa pili, akangoja, macho yake kwenye kile kiatu kama mwenye kuchunga mbuzi mmoja.

Mire alitoka, mzee mrefu mwenye ndevu zilizotiwa hina. Akavaa, akamwona.

"Mama, umelinda viatu vyangu au umevipenda?"

"Nimevingoja, mzee Mire. Hicho cha kulia ni shahidi wangu." Akamsimulia yote, kuanzia mtaroni hadi redio.

Mzee alicheka hadi akashika ukuta. "Mimi niliweka nambari ili mtu asichukue kiatu changu. Sasa nambari yenyewe ndiyo imemleta mtu."

"Naomba ukanda tu, mzee. Kiatu kibaki chako."

"Kiatu bila ukanda ni kipande cha barabara." Akatazama mguu wake, akafikiri. "Ulikuwa hapa tangu swala ianze?"

"Nilikuwa hapa."

"Na mlango ulikuwa wazi, na hapakuwa na mtu." Hakungoja jibu. "Basi twende. Lakini sivui njiani. Ng'ombe akishtakiwa, mwenye ng'ombe huenda naye."

Dukani walikuta watu wamepanga foleni, kila mmoja na tairi zima. Nyuma ya kaunta alikuwa msichana aitwaye Wacera, mwenye sauti ya kuzoea kuuliza swali moja.

"Tairi liko wapi?"

Mire aliinua mguu wa kulia akauweka juu ya kaunta. "Hili hapa. Mengine wamevaa watu wengine."

"Mzee, toa mguu, hii ni kaunta."

"Soma kwanza, binti yangu. Nitautoa."

Foleni nzima ilisogea kuona. Wacera aliinama akasoma herufi moja moja, kisha akaenda kumwita meneja. Meneja naye akasoma mguu ule kwa makini, akasema nambari ni yenyewe na amri ni kipande kinatosha, ila kipande lazima kibaki. Mire akavua bila kunung'unika. Meneja akamgeukia Kamanthe.

"Pole, mama. Haya yanabambuka yenyewe. Hata ningeendesha mimi, ningeingia mtaroni, na sijui kama ningetoka salama. Unataka pesa au tairi?"

"Pesa mtu atasema nimekopa," alisema Kamanthe. "Nipe tairi. Na hayo maneno ungekuja kuyasema Katelembo."

"Siwezi kuacha duka, mama."

"Mimi nimeyasikia," alisema Mire. "Nina masikio mawili na mguu mmoja. Nitakuja."

Jioni ile kikundi kilikuwa na mkutano. Kamanthe aliingia ukumbini akibingirisha tairi jipya, na nyuma yake Mire, mguu mmoja umevaa, mwingine ukichagua changarawe. Mzee alieleza habari ya redio, ya nambari na ya meneja, asiongeze neno wala kupunguza. Kisha akasema, "Na mimi naongeza langu moja. Huyu mama alikaa na kiatu changu bila mlinzi, hakukigusa. Mtu kama huyo akisema hakukimbiza gari, hakukimbiza."

Watu wote wakamtazama Mumbua. Mama yule alikuwa mkali, lakini hakuwa mwongo wa kudumu. Akasimama polepole.

"Nilikuwa ndani ya gari," alisema. "Ule mlio uliposikika nilishika mlango nikafunga macho. Sikuona kitu. Niliporudi hapa nikasema nimeona. Ufunguo niliuchukua mbele yenu, sitaurudisha kichochoroni. Dedan, leta."

Dedan akauleta, uso wake ukiwa kama wa mtu aliyetuliwa gunia. Mumbua akamshika Kamanthe mkono, akaufunga ufunguo yeye mwenyewe kwenye pindo la leso, akakaza fundo mara mbili.

"Mwenyekiti," mama mmoja aliuliza kutoka nyuma, "na Dedan, hakuna duka la kumrudisha tubadilishiwe?"

Walicheka wote, na Dedan pamoja nao.

Hivyo ndivyo jina la Kamanthe lilivyosafishwa, na kwa maji safi. Likabaki deni la mguu wa Mire. Festus alimtilia ukanda mwingine, lakini ulikuwa wa mpira mtupu usio na herufi, na mzee hakuupenda. Ndipo Kamanthe akamwahidi kwamba tairi jipya likiisha, nambari yake itakuwa ya mguu wake. Mire akakubali, bila kujua anafanya biashara na nani.

Maana mwaka ukapita, na mwingine. Kila siku ya soko Mire huinama nyuma ya pikapu, hupapasa tairi kwa kidole gumba, na husimama amekunja uso.

"Mama, hii tairi haiishi?"

"Naendesha polepole, mzee."

"Endesha vibaya kidogo. Ijumaa iliyopita nimerudi nyumbani na viatu vya imamu."

Kamanthe humwambia pole. Huufungua mlango, huuweka mkoba wa Mama Mumbua, ambaye hupanda naye tena, katikati ya viti, na huondoka sokoni taratibu kama alivyofundishwa Ndithini.