Yufoniamu Kwenye Gunia

Mimi hununua mbuzi katika soko la Kiamaiko, na kazi hiyo imenifanya niwe mtu asiyeamini kitu kabla hajakishika. Watu wengine wakinywa chai ya asubuhi, mimi huwa nimeshapapasa migongo, nimefunua midomo na kuinua mikia. Mbuzi aliyeoshwa simtaki, maana anayemwosha mbuzi ana jambo analificha. Mwenye tumbo kubwa namtazama mara mbili, kwa sababu wapo wauzaji wanaowalambisha chumvi kisha wakawanywesha maji mpaka wakavimba, ukadhani wameshiba. Na mtu akija kulia kwamba amelaghaiwa, mimi ndiye wa kwanza kumcheka. Namwambia, "Umeuziwa mbuzi kwenye gunia, na macho unayo."

Basi sikia yaliyonipata nilipokwenda kutafuta tarumbeta.

Naiita tarumbeta kwa sababu hapa mtaani kwetu Kaloleni kila chombo cha shaba kinachopulizwa ni tarumbeta. Binti yangu amenisahihisha mpaka amechoka. Chake kinaitwa yufoniamu. Ni chombo kinene, unakipakata kifuani kama mtoto anayenyonya, mdomo wake mpana unatazama juu, na vidole vinabonyeza vitufe vilivyopangwa juu ya mabomba. Sauti yake ni nzito lakini haimfokei mtu. Alikikuta kwenye bendi ya shule. Mtoto huyu alikuwa ameacha netiboli, ameacha Kifaransa, ameacha hata kujifunza kusuka nywele. Hiki hakukiacha.

Likizo moja, alipokuwa karibu kuingia kidato cha nne, mwalimu wake wa muziki alinipigia simu. Shule ilikuwa na yufoniamu moja, na wanafunzi waliotaka kuitumia katika mtihani wa mwisho walikuwa wawili. Mwenzake alikuwa ameanza kabla yake, kwa hiyo ilikuwa ya mwenzake. "Shule ikifunguliwa aje na yake, mama," mwalimu akasema. "Asipokuwa nayo nitamwandikisha aimbe."

Aimbe! Ukoo wetu hauimbi. Kanisani sisi ndio wale wanaoombwa kwa upole wasaidie kupiga makofi.

Nilimweleza msichana nikitarajia vita. Aliinuka akaenda kuosha vyombo, na hakuna aliyemtuma. Hapo ndipo nilipoogopa. Mtoto wangu akinibishia najua ni mzima, lakini siku hiyo alikuwa akisugua sufuria iliyokwisha kutakata, na nikaona kwamba ameshakubali. Sikuweza kuvumilia akubali. Nikamfuata nikamwambia, "Wewe utapuliza. Hata kama nitauza masikio yangu."

"Nani atanunua?" akauliza. Nikajua tumeanza.

Tulianzia duka la ala za muziki mjini. Muuzaji alifungua sanduku lenye kitambaa laini ndani, na humo yufoniamu imelala inang'aa kama sufuria ya bibi arusi. Aliponitajia bei niliomba kiti. Hata hivyo nikasema, kuuliza si kununua, acha mtoto aijaribu.

"Usipulize, mathe," akasema haraka. "Ukitia mate imekuwa yako."

"Sasa nitajuaje inalia?"

"Si ni mpya? Lazima ilie."

"Hata mbuzi aliyezaliwa jana ni mpya," nikamwambia, "na wengine hawafiki jioni." Tukatoka. Msichana alikuwa ametazama chini muda wote, amenionea haya, lakini kwenye ngazi nilimwona akicheka.

Baadaye akapata tangazo kwenye simu. Kijana mmoja wa mtaa wa Fedha alikuwa akiuza yufoniamu iliyotumika, kwa bei ambayo ningeimudu nikikaza mkanda. Alitaka nitume pesa kidogo ya kuishikilia. Nikamwambia pesa yangu haitembei peke yake, tutakuja nayo. Tulikutana kwenye lango la fleti zao. Akaja ameibeba kwenye gunia.

Gunia, jamani. Mtu wa Kiamaiko aletewe bidhaa kwenye gunia na asishtuke! Lakini alipoitoa jua likaipiga ikametameta, nami nikawa nimekwisha. Nikainyanyua. Nyepesi. Nikafurahi kwamba mtoto hatachoka mabega. Nikabonyeza vitufe vyote, vikaruka juu mara moja. Msichana akapuliza, sauti ikatoka safi. Nilikuwa nimeshatoa simu nitume pesa aliponivuta mkono wa sweta.

"Mum, hii si yenyewe."

"Inalia!"

"Inalia, lakini hii ni baritoni. Cheki mabomba, ni membamba. Mdomo pia ni mdogo. Ni kama ndugu yake, lakini si yeye."

"Ah, siste, si ni kitu moja tu," kijana akasema. "Mathe, hii iko fiti kabisa. Siwezi kukuchezea."

Nilisimama pale na simu mkononi. Kondoo wa manyoya mafupi na mbuzi wanaweza kufanana mpaka mgeni asijue, lakini mtoto wa sokoni huangalia mkia: wa mbuzi umesimama, wa kondoo umelala. Na mimi, baada ya maisha yote haya, nilikuwa nimeangalia ngozi. Uso uliniwaka. Nilimkasirikia kijana, halafu nikajikasirikia zaidi.

"Kijana," nikamwambia, "nikikuletea kondoo nikakwambia ni mbuzi, utafurahi?"

"Kondoo pia ni nyama, mathe."

Nilitaka kumtukana lakini kicheko kilikuwa kimenikaba, kwa hiyo tukaondoka. Njiani nilimwambia msichana, "Kuanzia leo, mkia utaangalia wewe. Mimi kazi yangu ni bei."

Siku zikayoyoma. Matangazo mengine yalikuwa ya uongo mtupu, au ya vyombo vilivyo Mombasa, au ya watu wasioshika simu. Msichana alianza kuniambia kwamba kuimba si vibaya sana. Nikamkataza kulitaja neno hilo ndani ya nyumba yangu.

Halafu mchana mmoja natoka sokoni, nikapita nyuma ya ukumbi wa mtaa. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa amesimamisha mkokoteni kwenye mlango wa bikizee mmoja, mjane wa mtu aliyekuwa akipuliza katika bendi ya kanisa kabla sijahamia Kaloleni. Kwenye ndoano ya mizani yake ya mkono kulikuwa kunaning'inia kitu cheusi, kimebonyea huku na huku. Kina tumbo. Kina vitufe.

"Shusha hiyo!" nikapiga kelele. Mpaka kuku wakatawanyika.

"Nimeshapima, mama," akasema mnunuzi.

"Umepima ngozi na mifupa. Shusha."

Bikizee alinitazama kama aliyevamiwa. Nikamwamkia, nikatuliza pumzi, kisha nikamuuliza swali ambalo ndilo la kwanza kwetu sokoni, kwa sababu wa kuchinja huenda kwa uzito, na wa kufuga ana bei nyingine kabisa. "Shosho, hii unaiuza ya kuchinja ama ya kufuga?"

"Kwani kuna mtu bado anafuga hizi?"

"Yuko. Huniita mama."

Nilimpigia simu msichana, akaja mbio na ndala zisizofanana. Nikampisha aangalie mkia. Akaigeuza, akapima mabomba kwa vidole, akachungulia mdomo. "Ni yenyewe," akanong'ona. Rangi yake ilikuwa kama sufuria iliyopikiwa githeri kwenye kuni. Akaipangusa, akapuliza. Kwanza likatoka vumbi na utando wa buibui, halafu ikatoka sauti. Bikizee akajishika mdomo.

Furaha haikudumu. Msichana alifungua simu yake, ana kitu humo kinachopima sauti, na uso ukamwanguka. Ilikuwa ikilia juu kuliko inavyotakiwa. Kuna bomba moja lililopinda ambalo huvutwa nje ili kuishusha sauti ilingane na wenzake. Alilivuta. Halikutikisika.

"Mzee hakuwahi kulivuta," bikizee akasema. "Alisema bendi ndiyo imfuate yeye."

Lakini mtihani ungefanywa na piano, na piano haimfuati mtu. Bomba lisipotoka, tungekuwa tumenunua chuma chakavu. Hata hivyo niliamua kununua. Nilitaja bei iliyozidi kidogo ile ya mizani. Bikizee akatikisa kichwa. "Si umesema ni ya kufuga?" Maneno yangu mwenyewe yakanigharimu, nikalipa bei ya kufuga. Akanipa sharti moja tu: likishindikana niirudishe kwake, nisiipeleke kwenye mizani.

Fundi wa kulehemu alitaka kulichoma moto. Msichana alikikumbatia chombo chake, akakataa, tukarudi nacho nyumbani. Mimi nikaamua kwamba bomba lile litatoka kwa mikono yangu au halitatoka. Kila jioni nililifunga vitambaa vya maji moto, nikalipaka mafuta ya mbuzi kwenye maungio, nikavuta. Nilivuta nikiwa nimekaa, nikavuta nimesimama, nikavuta nimeweka mguu ukutani. Nyumba ikanuka kama bucha. Sare ya shule ilikuwa imeshapigwa pasi na kuning'inizwa mlangoni, na yufoniamu ilikuwa bado ngumu kama siku ya kwanza.

"Mum, wacha," msichana akasema. "Umejaribu."

Neno hilo lilinichoma. Nikalitazama lile bomba limejikita pale, halitaki. Nikakumbuka mbuzi mkaidi. Mbuzi mkaidi ukimvuta anakita miguu, na ukizidi anazidi. Humtoi kwa kuvuta. Unalegeza kamba, unamwacha adhani umeshindwa, kisha unamshtua ghafla akiwa amesahau.

Nilichana kitenge cha zamani, nikapitisha ukanda wake pale bomba lilipopinda. "Kumbatia usiachie," nikamwambia msichana. Nikalegeza ukanda kabisa. Nikashtua. Nikalegeza tena, nikashtua. Mara ya tatu ikasikika *paa!* kama kizibo cha soda, na mimi nikajikuta nimeketi ndani ya karai la nguo na bomba liko mkononi. Tulipiga mayowe mpaka jirani akauliza ukutani ni nani aliyefariki.

Siku ya kufungua shule hatukuwa na mfuko wa kuibebea. Vitu vyote nilivyokuwa navyo nyumbani vilikuwa vidogo, isipokuwa kimoja. Basi nikaingia lango la shule na yufoniamu kwenye gunia la viazi.

"Mama, umetuletea chakula?" mwalimu akauliza. Alipoona kilichotoka, tabasamu likamwisha. Kilikuwa bado cheusi, bado kimebonyea, na kilinuka mbuzi. Majina ya watahiniwa yalikuwa mezani, na jina la mtoto wangu nililiona limeandikwa mbele yake neno *sauti*, yaani aimbe. Niliomba Mungu kwa kinywa kilichofungwa.

Mwalimu akabonyeza piano. Msichana akapuliza, na mimi nisiyejua muziki nikasikia vitu viwili vikisukumana. Akalivuta bomba kidogo, akapuliza tena. Akalivuta kidogo zaidi. Ghafla sikuweza kuitofautisha yufoniamu na piano. Hapo akaendelea, akapuliza wimbo wake wote, amefumba macho, mabega yameshuka, na mtoto niliyemwona akisugua sufuria safi hakuwepo tena chumbani.

Mwalimu alichukua kalamu akakata lile neno. Nililia mbele yake, na sikusingizia vumbi.

"Wengi huleta zile zinazong'aa, tunazirudisha," akamwambia msichana, huku akiandika. "Hii nani alikuchagulia?"

Huyu mtoto hunisahihisha kila nikifungua kinywa. Nikangoja aseme ukweli: kwamba aliyeangalia mkia ni yeye, na kwamba mimi nilikuwa karibu kununua kondoo.

"Ni mum," akasema. "Yeye hununua mbuzi."

Sikumsahihisha. Nikakunja gunia langu nikalitia kwapani, nikarudi sokoni.