Jemadari wa Foleni ya Sukari

Eliasi, karani wa stoo na mpangaji mwenzangu Mtaa wa Narung'ombe, hajawahi kushika hata gobore. Lakini alisoma riwaya za vita vya kale mpaka majalada yakabanduka, na kila asubuhi bombani alituhutubia habari za majemadari waliovusha tembo milimani. Sisi tulisubiri ndoo zijae. Yeye, nadhani, alisubiri tumpigie saluti.

Mwaka ule wa themanini na mbili, sukari tuliitafuta kama mwezi wa Idi. Mkewe, Celina, alikuwa na siku nne tu tangu ajifungue, na uji wa pilipili manga bila sukari ni adhabu. Duka la ushirika likatangaza kilo moja kwa kila kaya. Alfajiri nikaweka jiwe langu kwenye foleni, na nyuma yake tofali la Eliasi, nafasi ya tisa. Kila mtu Kariakoo alijua sheria hiyo: tofali likiwepo, mwenyewe yupo, hata akienda kunywa chai.

Alipofika nikamwambia, "Shemeji, kaa hapo. Usifanye kitu chochote."

Kufanya kitu ndio ugonjwa wake. Akafungua kitabu, akasoma kidogo, akaitazama foleni kwa dharau.

"Shemeji Josepha, hakuna jemadari aliyeshinda kwa kusimama mbele ya lango. Adui hupigwa ubavuni."

Akaenda zake mlango wa nyuma. Na tofali akalibeba! Eti askari haachi silaha yake.

Mgambo aliyelinda huko hakuwa msomaji wa riwaya. Aliona mwanamume anayenyata ukutani na tofali mkononi, akamkunja shati, akamleta mbele. Tulimtetea huku tukicheka mpaka machozi, akaachiwa. Lakini nafasi ya tisa ilishazibwa, na kule mwisho alikopelekwa sukari haikufika.

Nilikasirika, nasema kweli. Jioni nikampelekea Celina kikombe cha sukari yangu, nikamkuta anakunywa uji mtupu, uso umemkunjamana. Eliasi yuko kitandani, anamsimulia jeshi lililozingirwa.

"Baba Sofia," Celina akamkatiza, "hao majemadari wako, wake zao walipojifungua, walikunywa nini?"

Eliasi akafungua kitabu. Alitafuta kweli, maskini, ukurasa baada ya ukurasa, mpaka uji ukapoa.