Vyeti Viwili vya Kulala Bure Jangwani

Mume wangu ni fundi wa lifti. Kampuni yake humtuma Lille, Luxembourg, Cologne na kwingineko, popote lifti ya watu wenye haraka inapokwama, na kila akienda hulala kwenye hoteli za kundi moja lile lile. Kampuni hulipa chumba, hoteli humpa yeye pointi. Kwa miaka kadhaa alizilimbikiza kimya kimya kama mtu anayefuga kuku uani, mpaka siku moja hoteli wakamtumia vyeti viwili. Kila cheti kilikuwa cha usiku mmoja wa bure katika hoteli yao yoyote duniani, mradi bei yake kwa pointi isizidi kiwango walichokiweka wao, na mradi tuvitumie kabla ya kiangazi.

Kuanzia hapo nyumba yetu ya Koekelberg, hapa Ubelgiji, ikawa haikaliki.

Mimi, kwa ujinga wangu, nilipendekeza Ostend. Bahari ipo, treni ipo, samaki wapo. Akanitazama kama nimemwambia tuwashe jiko kwa noti.

"Ostend chumba kina bei ya kawaida," alisema. "Ukitumia cheti pale, umekiua."

"Lakini si tutalala bure?"

"Bure ya chini! Hata bure ina madaraja, mke wangu."

Nilichukua siku kadhaa kuielewa hesabu yake. Watu wengine huchagua mahali wanapopapenda, kisha hutafuta hoteli. Sisi tulikuwa tunatafuta hoteli ambayo kwa fedha zetu wenyewe tusingeweza hata kunywa chai. Kadiri tulivyokuwa hatuiwezi, ndivyo ilivyotufaa. Na hoteli tusizoziweza, kwa sababu wanazozijua wao wenye hoteli, zilijaa jangwani.

Basi kila jioni, baada ya mimi kurudi kutoka Woluwe-Saint-Lambert, ambako nafanya kazi kwenye duka la dawa la hospitali, nilikuta meza ya kulia imegeuzwa ofisi ya safari. Kompyuta huku, simu kule, sahani yangu pembeni. Kulikuwa na hoteli ya mahema huko Moroko, lakini ilizidi kiwango cha vyeti. Kulikuwa na nyingine Uarabuni ambako kila nyumba ina bwawa lake la kuogelea, nayo ilizidi. Ya tatu, Uarabuni pia, ilikaa sawasawa kwenye kiwango, haikupungua wala kuzidi, na mume wangu alipoiona alipiga meza kwa kiganja mpaka mchuzi ukaruka.

Nikaangalia picha. Hoteli zote tatu zilikuwa na mwanamke yule yule mwembamba, mwenye kofia pana, aliyetupa mgongo akitazama mchanga.

"Anatazama nini huyu?" niliuliza.

"Anapumzika."

"Mimi nimezaliwa Singida. Mchanga huo ulikuwa unaingia kwenye uji wetu, na hakuna aliyetuambia tunapumzika."

"Kule Singida mlikuwa na bwawa la kuogelea?"

"Tulikuwa na foleni ya bomba."

"Umeona sasa," akasema, na kuendelea kubonyeza.

Yeye ni mtoto wa Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, mtu wa mjini tangu kuzaliwa. Mchanga kwake ulikuwa kitu cha kwenye sinema. Nikamwacha aweke nafasi, mausiku mawili ya mwezi wa tatu, nikidhani mambo yamekwisha.

Hayakuwa yamekwisha. Iligundulika kwamba akilala usiku mmoja zaidi kabla ya mwaka kuisha, kadi yake ya uanachama wa hoteli zile ingepanda kutoka fedha kwenda dhahabu, na mwenye dhahabu, nafasi ikiwepo, hupandishwa kwenye chumba kizuri zaidi. Kampuni haikuwa na lifti iliyokwama popote. Mwezi wa Desemba lifti zote za Ulaya ziliamua kufanya kazi. Hivyo Jumamosi moja mume wangu alinichukua kwa treni mpaka Zaventem, tukalale kwenye hoteli ya uwanja wa ndege, dakika chache tu kutoka nyumbani kwetu. Alibeba sanduku kubwa. Nilipolinyanyua likaja jepesi kama karatasi.

"Mbona halina kitu?"

"Siwezi kuingia hotelini mikono mitupu. Watasemaje?"

Tulilala tukisikiliza watu wengine wakiondoka kwenda zao. Asubuhi tulishuka kula, mume wangu akifungia mikate kwenye leso kwa ajili ya njiani, njia yenyewe ikiwa ni vituo vichache vya treni. Ndipo nikasikia jina langu likiitwa. Alikuwa mkuu wangu wa kazi, mama mmoja Mbelgiji mwenye roho nzuri na sauti kubwa, amevaa nguo za ufukweni tayari, yuko na mumewe na mabegi.

"Na ninyi mnasafiri!" alifurahi kwa Kifaransa. "Mnakwenda wapi?"

Nilimtazama mume wangu anisaidie. Alikuwa ameinamia yai lake kana kwamba lina maandishi.

"Koekelberg," nikasema.

Yule mama alicheka sana, akidhani ni utani, akatutakia mapumziko mema. Jumatatu iliyofuata kazini waliniuliza kama Koekelberg kulikuwa na jua.

Mwezi wa tatu ulipofika nilishuka ghorofa ya chini kumwachia ufunguo jirani yetu, padri mstaafu wa Kibelgiji aliyeishi Katanga ujana wake wote. Anakijua Kiswahili cha kule vizuri kuliko Kifaransa cha siku hizi, na hukubali kunywesha maua yangu maji kwa malipo ya maongezi.

"Mu désert?" alishangaa nilipomtajia jangwa. "Maman, juu ya kufanya nini? Kule kuko muchanga tu."

"Tumepata hoteli bure, padri."

"Ah bon. Na avion, ni bule?"

"Hapana, ndege tumelipa."

"Na motokari?"

"Tumelipa."

"Na kukula?"

"Tutalipa. Kulala tu ndiyo bure."

Alifikiri, kidole kwenye kidevu. "Mais maman, hata hapa unalala bule."

Sikutaka kumtajia kodi ya nyumba. Nilimpa ufunguo nikapanda ngazi, na maneno yake yakanifuata mpaka kwenye ndege. Mume wangu nilipomweleza alikasirika. Alisema ndege na gari ni gharama za safari, hazihusiani na hoteli, na mtu aliyeishi kwa sadaka maisha yake yote hawezi kuelewa thamani ya kitu cha bure.

Tulifika hotelini mchana. Sitasema uongo, palikuwa pazuri. Vilima vya mchanga vya rangi ya tangawizi, kimya, na upepo uliopigwa manukato kabla ya kuruhusiwa kuingia ukumbini. Kwenye mapokezi alisimama msichana Mwafrika, sare imenyooka, akatukaribisha kwa Kiingereza cha heshima. Mume wangu aliweka kadi ya dhahabu mezani taratibu, kama anaweka yai. Msichana akabonyeza, akatabasamu, akasema tumepandishwa chumba: badala ya mandhari ya maegesho, tumepewa mandhari ya bustani.

"Na chumba chenye bwawa?" mume wangu aliuliza.

Vyumba vyenye bwawa, akaeleza, haviguswi na vyeti.

Mume wangu alinigeukia na kuhamia Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha yetu ya kugombania mbele za watu.

"Unaona dharau hii? Nimelala Zaventem bure!"

"Hukulala bure, ulilipa. Na mimi nikaaibika mbele ya mkuu wangu."

"Ungevaa vizuri usingeaibika."

"Ungejaza sanduku tungekuwa na nguo!"

"Mwambie tunataka meneja."

"Mwambie mwenyewe, dhahabu ni yako. Mimi hata shaba sina."

"Karibuni sana, kaka, dada," alisema yule msichana kwa Kiswahili safi cha Mombasa, huku akinyoosha mikunjo ya karatasi ambayo haikuwa na mikunjo. "Mkimaliza, ufunguo wenu ni huu hapa. Kifungua kinywa ni kuanzia saa kumi na mbili unusu."

Mume wangu, ambaye huingia kwenye mashimo ya lifti ghorofa ya thelathini bila kushtuka, alipokea ufunguo akiangalia sakafu. Mimi nilicheka mpaka nikashikilia meza. Msichana naye aliuma midomo, mabega yakimtetemeka.

Bustani ilikuwa na miti mitatu ya miiba na mlango wa nyuma wa jikoni. Chakula cha jioni kiliuzwa kwa bei ambayo hata mtu aliyelipia chumba ingemkaba, na duka la karibu lilikuwa mwendo mrefu wa gari. Tukala mikate kutoka kwenye begi langu na njugu za chumbani, kisha tukagundua kwamba njugu nazo si za bure. Mume wangu alisema tusijali, kesho tutapanda ngamia. Ngamia walikuwa ndani ya kifurushi cha dhahabu. Alilala akiwa na amani.

Asubuhi tuliamka tukakuta mvua inanyesha.

Sio manyunyu. Ilikuwa mvua nzito, iliyonyooka, na mchanga ulikuwa umegeuka kahawia. Wageni walijaa ukumbini, Wajerumani, Waingereza, sisi, wote na sura za watu waliotapeliwa. Wafanyakazi walikimbia na ndoo maana paa, lililojengwa kwa ajili ya jua, lilivuja mahali pengi. Hoteli nzima haikuwa na mwavuli hata mmoja. Safari ya ngamia ikaahirishwa, kisha ikafutwa.

"Hapana," mume wangu alisema. "Hili lazima walifidie." Akatoa simu, akapiga namba ya huduma kwa wateja, akawekewa muziki.

Nilikaa naye kidogo. Halafu nikaona kitu cha ajabu dirishani. Badala ya watu kukimbia mvua, magari yalikuwa yanakuja, moja baada ya jingine, kutoka mjini. Yaliegeshwa chini ya vilima, milango ikafunguliwa, na wenyeji wakashuka na familia zao: wanaume wamepandisha kanzu, watoto wakipiga kelele, wanawake na machupa ya chai. Walikuja kuiona mvua. Watu wa pale waliisubiri mvua kama sisi tulivyowasubiri ngamia.

"Njoo uone!" nilimwita.

Aliinua mkono kuninyamazisha. "Nimeshika laini."

Nikavua viatu nikatoka. Mchanga ulikuwa baridi na mgumu, unakanyagika. Nilikuwa nimelowa kabla ya kufika kwenye gari la kwanza, ambako bibi mmoja alikuwa amekaa nyuma, mlango umeinuliwa juu yake kama kibaraza, wajukuu wakijigaragaza mbele yake. Akaniona, akapapasa nafasi kando yake. Nikakaa. Akanimiminia kahawa kwenye kikombe kidogo kisicho na mkono.

Alisema maneno mengi. Mimi Kiarabu changu ni cha kuswalia tu. Lakini aliponyoosha kidole mbinguni na kusema "baraka," nilimjibu "baraka," na akapiga makofi kama mtoto wake amehitimu. Tukaendelea hivyo. Akasema sukari, nikaitikia sukari. Nikajaribu kahawa, akanisahihisha kidogo, nikajaribu tena. Nikageuka nikamwita mume wangu kwa sauti yote niliyonayo, maana yeye ndiye aliyesoma madrasa ya maana. Nilimwona ukumbini nyuma ya kioo, simu sikioni, ananipungia mkono kwamba nisubiri.

Sijui nilikaa pale muda gani. Mvua ilipopungua bibi alinifunga mtandio wake kavu mabegani, akakataa nilipotaka kuurudisha, gari likaondoka.

Nilirudi ukumbini nikidondosha maji. Mume wangu alinijia mbio, uso unang'aa.

"Wamekubali!" alisema. "Wametupa pointi! Kwa usumbufu wa mvua!"

Nilimtazama. Alikuwa amelipwa fidia kwa saa nzuri kuliko zote za safari ile, saa ambayo hakuwamo. Msichana wa Mombasa, aliyekuwa akipita na ndoo, alinipa taulo na kuendelea na kazi yake.

Siku ya kuondoka tuliendesha muda mrefu. Pande zote za barabara maji yalikuwa yamesimama kwenye mabonde, na watoto walikuwa wanarushiana. Hatimaye mume wangu akauliza, macho yako mbele:

"Yule bibi alikuwa anakuambia nini?"

"Sijui. Nilielewa baraka na sukari."

Akaendesha kidogo. "Ungeniita, ningekutafsiria."

"Nilikuita. Ulikuwa umeshika laini."

Aliniomba tu nigeuke aone mtandio nimeufungaje, kisha akasema ni kitambaa kizuri. Hiyo ndiyo samahani ya watu wa kwao, nimeshaizoea.

Zile pointi za fidia, nazo zina mwisho wake. Juzi nilimkuta tena mezani na kompyuta. Lakini safari hii, kabla ya kubonyeza, aliniuliza mimi nataka kwenda wapi. Nikamwambia Bujumbura, kwa dada yake mkubwa, ambaye kila sikukuu hutuuliza kwenye simu tunakuja lini.

Alitafuta kwa muda, akikunja paji la uso.

"Kule hakuna hoteli yetu," alisema.

"Kuna kitanda cha dada yako."

Akacheka, akakubali kwamba hilo ni kweli. Halafu akaendelea kutafuta, kama hoteli hiyo ingeweza kujengwa kabla hatujaenda kulala.