Panzi na Soksi Zilizotiwa Wanga

Panzi binti wa Dobi, mjukuu wa mchimba visima, ndiye yule aliyegongwa na lori akakatwa mguu chini ya goti, akarudi kwenye pasi yake kabla watu hawajamaliza kumpa pole. Ndiye aliyewatimulia vumbi wenzake kwenye mbio fupi mpaka wakamkoma. Mgongo ulipoanza kulalamika akahamia mruko mrefu, akashika nafasi timu ya taifa, hang'oki.

Mwaka aliokusudia uwe wake wa mwisho, nafasi ilibaki moja. Waliigombea wawili: yeye na msichana mmoja mrefu, mguu wa bandia kama yeye, mdomo kama cherehani.

"Shikamoo, bibi. Umekuja kuruka au kuanua nguo?"

"Marahaba, mwanangu. Naruka kwanza, kisha nikuanike wewe ukishalowa machozi."

Sasa, mguu wa bandia hauvaliwi hivi hivi. Kigutu, kipande cha mguu kilichobaki, huvishwa soksi ya pamba ndipo kiingie kwenye kikombe cha mguu, kishikane. Asubuhi ile mdogo wake, aliyekuwa akifua na kupiga pasi pamoja naye, alimletea soksi nyeupe pe, zimenyooka kama shati la bwana harusi. Panzi akazivaa kwa maringo. Akakimbia, akakanyaga ubao, akapaa. Mwili ukatua mbali. Mguu ukachomoka hewani, ukabaki nyuma. Sheria ni sheria: mwamuzi akapima pale mguu ulipoangukia. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

Alirudia tena, mambo yakawa yale yale. Akaketi, akavua soksi. Zinateleza kama bamia.

"We! Umezifanya nini hizi?"

"Nimezitia wanga, dada. Siku kubwa kama hii uende umesinyaa?"

"Wanga na jasho! Umenipikia uji mguuni!"

Mruko umebaki mmoja kati ya mitatu, soksi nyingine hana. Akautazama mtandio wa pamba kichwani mwa mdogo wake.

"Lete huo."

"Nikae kichwa wazi mbele za watu?"

"Na mimi niruke kigutu wazi?"

Akaufuta mguu wa bandia ndani ukakauka. Akakizungushia kigutu mtandio, akiulaza kidobi, bila kunyanzi hata moja, maana kunyanzi humng'ata mtu kuliko siafu. Akasukuma, akapiga mguu chini, akasikia umeshika. Msichana mrefu, aliyekuwa akiongoza, akasogea karibu na shimo la mchanga atazame.

Panzi akaruka. Akatua na miguu yake yote miwili, akaipita alama ya msichana kwa upana wa kiganja.

Mdogo wake alisimama kando, kichwa wazi, akilia kwikwi. Panzi akatema mchanga, akamwita pamoja na yule mrefu.

"Machozi hayafui soksi, mdogo wangu. Kuanzia leo za timu nzima ni kazi yako: maji safi, sabuni kidogo, zikaukie kivulini. Anza na za huyu. Mwakani nafasi hii anaitaka yeye, na sitaki ashindwe kwa sababu ya uji wako."